Kitabu cha kulalia kilichowaamsha watoto: kisa cha warsha moja ya Nairobi

Usuli

Warsha ninayoieleza ni ya watu watatu: mwandishi, mchoraji, na mwenzao anayeshughulikia chapa na mauzo. Wamepanga chumba ghorofani, upande wa mashariki wa Nairobi, na kabla ya kisa hiki walikuwa wamechapisha vitabu vichache vya hadithi za watoto wa shule ya msingi. Jina la warsha, jina la kitabu na majina ya wahusika nimeyaondoa, na mitaa nimeibadilisha pale ilipoweza kumtambulisha mtu. Mimi niliitwa kazi ikiwa imefika katikati, kama mhariri wa nje. Nilipewa madaftari yao nikaruhusiwa kukaa kitako wakibishana.

Walitaka kutengeneza kitabu cha picha cha kumsomea mtoto wa miaka mitatu hadi mitano anapolazwa, chenye vitu vya kufungua na kugusa, kwa Kiswahili, na chenye Nairobi ndani yake. Vitabu vya namna hiyo vipo mjini, lakini vingi vimeagizwa kutoka Ulaya na Marekani, au ni mitumba inayotandazwa chini kando ya barabara. Mtoto wa mtaa wa Kayole anafungua kidirisha, anamkuta dubu wa thelujini aliyevaa kofia ya sufi na kulala chumbani mwake peke yake. Si vibaya mtoto kuona theluji, ila anayemlaza hujikuta akitoa somo la hali ya hewa saa tatu usiku.

Pesa zilikuwa chache. Sheria ya VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya 2013 ilileta kodi ya asilimia 16 kwa vitabu, na kitabu chenye vidirisha tayari ni ghali kuliko kitabu cha kawaida kwa kuwa kila kidirisha hukatwa na kubandikwa. Kwa hiyo walichapa nakala chache za majaribio kwanza. Uamuzi huo ndio uliowaokoa baadaye, ingawa wakati ule aliyeamua ulikuwa mfuko.

Toleo la kwanza

Hadithi yenyewe ni nyepesi. Paka mchanga anayeishi kwenye ploti anatafuta mahali pa kulala. Kila ukurasa una kidirisha, yaani kipande cha karatasi nzito kilichobandikwa ukingo mmoja, na nyuma yake kuna mtu au mnyama ambaye paka amemgutusha. Chini ya beseni kuna bata, mtoto analia kama bata. Nyuma ya mtungi wa maji kuna chura, mtoto anaruka. Kibandani kwa mama mboga kuna mbwa, mtoto anabweka mara tatu. Kurasa 24, zote za usiku, zimepakwa samawati iliyokolea karibu na weusi. Ukurasa wa kwanza una "Paukwa!" kwa herufi kubwa nyekundu, mtoto aitikie "Pakawa!"

Chini ya kila ukurasa paliwekwa mstari wa herufi ndogo unaomwelekeza mtu mzima: mwulize mtoto anadhani kuna nini ndani, mwulize paka anajisikiaje. Mistari hiyo haikutungwa kwa kubahatisha. Mwandishi alikuwa amesoma kuhusu usomaji wa mazungumzo, mbinu iliyopata umaarufu baada ya utafiti ambao Grover Whitehurst na wenzake walichapisha Marekani mwaka 1988. Wazazi walifundishwa kuuliza maswali yasiyojibika kwa ndiyo au hapana, kuongezea juu ya jibu la mtoto, na kumwachia mtoto nafasi ya kusimulia. Watoto wao walikuza lugha kuwapita wale waliosomewa kwa mtindo wa kawaida. Mbinu hiyo ni nzuri, na warsha iliielewa vyema. Jambo moja tu halikuulizwa: mtoto aliyechangamka hivyo atalala saa ngapi?

Jaribio la kwanza lilifanyika katika darasa la chekechea, saa nne asubuhi. Watoto walibweka, wakaruka, wakagombania zamu ya kufungua. Mwalimu aliomba abakiziwe nakala. Daftari la warsha la siku hiyo lina maneno mawili yaliyopigiwa mstari: "Kimefaulu kabisa."

Usiku katika nyumba tatu

Baada ya hapo nakala zilipelekwa majumbani. Familia zilizokubali zilikuwa nyingi kidogo, lakini tatu, za mitaa ya Kayole, Umoja na South B, zinatosha kuonyesha kilichotokea.

Nyumba ya Kayole ni chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Mama ni karani wa malipo katika duka kubwa mjini, na barabara ya Jogoo Road ikishafunga kwa msongamano wa jioni, hufika nyumbani saa mbili u nusu, siku nyingine saa tatu. Baba ni soja, yaani mlinzi wa usiku, hutoka kabla mama hajafika. Mtoto ana miaka minne. Kaka yake wa darasa la sita hufanya kazi za shule kwenye meza ileile ya chakula, televisheni ikiwa imewashwa kwa sauti ya chini. Anayemlaza mtoto ni yaya, msichana aliyetoka Kitui, ambaye mtoto humwita anti.

Usiku wa kwanza yaya alisoma kila kitu kilichoandikwa. Alisoma hadithi, kisha akaendelea moja kwa moja na mstari wa chini: "Mwulize mtoto anadhani kuna nini ndani." Mtoto akamwuliza, "Anti, mtoto gani?" Ikabidi yaya asimame, aangalie ukurasa tena, aanze upya. Kufika kwa mbwa, mtoto alibweka, jirani akagonga ukuta, kaka akacheka, na mtoto alipoona amechekwa akabweka tena. Alilala saa tano. Asubuhi yake gari la shule lilipita saa kumi na moja u nusu kama kawaida.

Mama alifanya ambalo mama yeyote mwenye akili angefanya: alikiweka kitabu juu ya kabati.

Nyumba ya Umoja ilikuwa na shida ya aina nyingine. Baba ndiye msomaji, kwa kuwa mama ni muuguzi wa zamu. Tokeni za stima ziliisha jioni ya pili, akawasha tochi ya simu. Maandishi meusi kwenye samawati iliyoiva hayakuonekana, hivyo akaisogeza tochi mpaka ikakaribia karatasi, na mwanga wote ukarudi usoni mwa mtoto. Katikati ya hadithi simu ililia. Aliongea na mtu kuhusu mzigo kwa dakika kadhaa, na aliporudi mtoto alikuwa ameshafungua vidirisha vyote vilivyobaki, anajua mwisho, na anataka kuanza tena mwanzo. Vidirisha viwili vilikuwa vimeng'oka. Kimoja kilipatikana mdomoni mwa mdogo wake.

Nyumba ya South B ina chumba cha watoto, taa ndogo ya kando ya kitanda, na wazazi wawili wanaopokezana. Hapo ungetarajia kitabu kifanye kazi, na kwa kiasi fulani kilifanya: mtoto wa miaka mitatu alikipenda sana. Tatizo ni kwamba alikipenda kama mchezo. Alivuta vidirisha tu. Alipoulizwa siku ya tatu paka alikuwa anatafuta nini, alisema "chura". Wazazi waliuliza warsha kama inawezekana kutengeneza programu ya tableti badala ya kitabu, au angalau kuweka kitufe cha sauti ya paka.

Mchoraji alirudi Kayole kukichukua kitabu. Hapo ndipo yaya alipomwambia, "Hiki kitabu ni cha asubuhi, dada. Lakini mimi nilipata njia." Siku iliyofuata ile ya mbwa alikuwa amekishusha kabatini bila kumwambia mama. Hakusoma maandishi. Alimpa mtoto kitabu kikiwa na vidirisha vyote wazi, wakaanza ukurasa wa mwisho kurudi nyuma, na kila mahali alisema kwa sauti ya chini: mfungie, amelala. Bata akafungiwa, chura akafungiwa, mbwa akafungiwa. Mtoto hakubweka hata mara moja. Hawakufika ukurasa wa kwanza.

Mchoraji aliandika hayo yote kwenye daftari papo hapo, na ni bahati yetu kwamba aliyaandika kwa maneno ya yaya, bila kuyageuza kuwa taarifa ya kikao.

Maamuzi

Kikao kilichofuata ndicho nilichoitiwa. Mezani palikuwa na mapendekezo manne yaliyokinzana: kupunguza vidirisha, kuongeza sauti, kuhamia kwenye simu, au kukiuza kitabu kama kilivyo kwa shule za chekechea na kusahau habari ya usiku. La mwisho lilikuwa na mashiko kuliko wengi walivyokiri. Mwalimu alishakitaka, na pesa za chapa zingerudi haraka. Mwandishi alilikataa kwa sababu moja: kazi waliyoahidi wazazi ilikuwa ya kulaza. Walikubaliana toleo la kwanza libaki kando, lije kuuzwa baadaye kwa jina jingine kama kitabu cha darasani.

Kitufe cha sauti kilikataliwa haraka. Vifaa vidogo vya sauti vinapatikana Luthuli Avenue bila taabu, na bei yake inavumilika. Lakini vingi huendeshwa na betri bapa za mviringo. Mtoto akiimeza betri hiyo na ikakwama kooni, inaweza kuunguza nyama za umio ndani ya saa mbili tu. Kitabu kinachokaa kitandani na mtoto, huku mdogo wake akitafuna vidirisha, si mahali pa kuweka betri inayofunikwa na karatasi. Hakuna aliyebisha.

Suala la simu na tableti lilichukua muda zaidi, kwa sababu halina upande mmoja. Hadithi za bure za watoto kwa Kiswahili zipo mtandaoni, zikiwemo zile za mradi wa African Storybook ambao Kenya imekuwa ndani yake tangu mwanzo, na kwa familia isiyonunua vitabu simu ndiyo maktaba pekee iliyopo. Upande wa pili, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema mtoto wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja ya kukaa mbele ya skrini kwa siku, na ikiwa pungufu ni bora zaidi. Katika nyumba nyingi za majaribio saa hiyo ilikuwa imeshatumika kabla ya giza kuingia. Kisha kuna utafiti wa Tiffany Munzer na wenzake wa mwaka 2019, uliowaangalia wazazi 37 wakiwa na watoto wao wadogo: walizungumza machache juu ya kitabu cha tableti kuliko juu ya kitabu cha karatasi. Lakini nadhani kilichoamua ni ile simu ya baba wa Umoja. Kifaa kinachopokea watu wa mzigo hakiwezi kuwa pia kitabu cha kulalia.

Zikabaki karatasi, na hapo ndipo maneno ya yaya yalipobeba kikao chote. Nitayaeleza kwa namna nilivyoyaelewa mimi, maana warsha haikuwahi kuyapanga hivi. Kidirisha kilichofungwa ni swali. Mtoto akikiona lazima akijibu, na akikijibu anataka kingine. Mfululizo wa vidirisha vya kufungua ni mfululizo wa maswali, na maswali huamsha. Ukigeuza mwelekeo, kitendo cha mkono ni kilekile, karatasi ni ileile, mtoto bado anashiriki, ila kila kitendo kinamaliza jambo. Mtoto hahitaji kunyang'anywa kazi ili atulie, anaweza kupewa kazi ya kutuliza wengine.

Mchoraji ndiye aliyeunganisha wazo hilo na mtaa. Jua la Nairobi huzama karibu saa kumi na mbili u nusu mwaka mzima, na kuanzia hapo mtaa mzima unajifunika: mama mboga anatandaza gunia juu ya nyanya zilizobaki, fundi wa baiskeli anafunika vipuri kwa turubai, mwenye duka anateremsha mlango wa bati, mwenye boda anavisha kiti cha pikipiki plastiki dhidi ya umande. Hadithi ikaandikwa upya juu ya hayo. Paka hatafuti tena mahali pa kulala. Anapita kuwaaga majirani, na kila jirani anafunikiwa kitu. Wa mwisho kufunikwa ni paka mwenyewe, kwa shuka.

Umbo la kitabu likabadilika pia. Vidirisha vya gundi viliachwa, na kila ukurasa wa kulia ukarefushwa upande wa nje ili sehemu ya ziada ikunjwe juu ya picha. Nyuma ya sehemu hiyo imechapwa gunia, turubai, mlango wa bati, mwishowe shuka. Kukunja ni kazi ambayo mashine ya kawaida ya kiwanda cha chapa inaiweza, wakati vidirisha vya mwanzo vilihitaji kisu maalumu cha kukatia na watu wa kubandika kimoja kimoja. Kwa mtoto, kipande kikubwa ni kigumu kung'oka na hakiingii mdomoni. Pini za katikati ziliondolewa, kitabu kikashonwa kwa uzi. Kurasa zikapungua kutoka 24 hadi 16.

Rangi ilileta ugomvi halisi. Mchoraji hakutaka kuuacha usiku wake wa samawati, na ukiutazama mchana ulikuwa mzuri kweli. Tulizima taa za ofisi, tukawasha balbu moja ndogo, tukamwomba aisome kazi yake mwenyewe kutoka urefu wa mkono. Alisoma maneno matatu. Usiku ukahamia kwenye anga la juu ya picha, maandishi yakawekwa kwenye ukanda wa rangi ya krimu, herufi kubwa, sentensi moja kwa ukurasa.

Maelekezo ya mtu mzima yalifutwa yote. Badala yake kitendo kiliingizwa ndani ya sentensi: "Tukalivuta gunia, polepole, mpaka nyanya zikalala." Anayesoma kwa kusitasita na anayesoma kwa ufasaha wote wanafika palepale, na mtoto anajua mkono uende wapi bila mtu kugeuka mwalimu.

Maswali je? Mwandishi hakuwa tayari kuyaacha, na alikuwa na haki. Wakagawa kitabu. Kurasa za kwanza zina maswali ambayo jibu lake liko machoni: paka yuko wapi, mama mboga amebakiza nini. Kuanzia katikati hakuna swali lolote, na sauti za kuigiza zinashuka: kwanza mlio wa mlango wa bati, kisha mnong'ono, kisha pumzi tu. "Paukwa" ilibaki, mara moja, kwa herufi za kawaida, ikiwa ishara kwamba hadithi imeanza. Mwisho wakaweka "Hadithi yangu imeishia hapo", ambayo kila mtoto wa chekechea Kenya anaijua na haihitaji jibu.

Matokeo

Safari hii nakala zilijaribiwa usiku tu, mikononi mwa yule anayemlaza mtoto kila siku, na mtu wa warsha alikaa nje ya pazia au sebuleni.

Kayole ilienda vizuri kuliko zote. Yaya alisoma bila kukwama, na baada ya siku kadhaa mtoto alianza kukinong'ona mwenyewe. Aliomba "tena" kila usiku, kitabu kilekile, jambo lililomchosha kaka yake lakini lenye faida: Jessica Horst na wenzake nchini Uingereza walionyesha mwaka 2011 kwamba watoto wa miaka mitatu waliosomewa hadithi moja kwa kurudiarudia walishika maneno mapya zaidi kuliko waliosomewa hadithi tofauti zenye maneno yaleyale. Muda wa kulala ulirudi kwenye saa tatu na kitu. Mama alipokuwa zamu ya asubuhi alikisoma yeye, akaongeza jirani mmoja ambaye hayumo kitabuni.

Umoja matokeo yalikuwa nusu nusu. Maandishi yalionekana hata kwa taa hafifu. Lakini mtoto aligundua kwamba kinachokunjwa hukunjuliwa. Alimfunika mama mboga, akamfunua, akamfunika, akamfunua, na baba akakwama ukurasa huo mpaka akapoteza subira. Warsha haikulitegemea hilo, wala haikulitibu kwenye karatasi. Dawa aliipata baba: yeye hufunua, mtoto hufunika, na baba hugeuza ukurasa papo hapo. Mgawanyo huo wa kazi sasa umeandikwa ndani ya jalada kwa mstari mmoja, ndiyo maelekezo pekee yaliyosalia.

South B mtoto alikichoka baada ya wiki. Alisema hakina chura. Wazazi waliomba warudishiwe toleo la kwanza, wakapewa, na wakalitumia alasiri.

Kilichofaa, kilichokwama

Kosa la msingi la toleo la kwanza halikuwa kwenye picha wala hadithi, lilikuwa kwenye saa ya jaribio. Darasa la chekechea saa nne asubuhi lina watoto wengi walioshiba uji, mwalimu aliyefunzwa kusoma kwa sauti, na mwanga wa dirisha. Kila kitu kilichofanya kitabu kishangiliwe pale ndicho kilichokiharibu usiku. Warsha ilichukua shangwe kama kipimo, wakati kitabu cha kulalia kinachofanikiwa humalizikia kwa msikilizaji kutotoa maoni yoyote.

Kosa la pili ni la kukisia msomaji. Walimwandikia mzazi waliyemfikiria, mtulivu, aliyekaa kando ya kitanda cha mtoto. Aliyekishika kitabu alikuwa yaya aliyeamka saa kumi na moja, au baba mwenye simu inayolia. Katika kikao kizima cha kupanga toleo la kwanza, neno yaya halimo kwenye daftari hata mara moja. Halafu yeye ndiye aliyetatua kitendawili. Warsha imemlipa ada ya ushauri na kumshukuru ndani ya kitabu kwa jina alilochagua mwenyewe, na naona ndivyo ilivyostahili.

Kuhusu vidirisha vyenyewe, kisa cha South B hakipaswi kumshangaza mtu. Utafiti wa Medha Tare, Judy DeLoache na wenzao wa mwaka 2010 ulikuta watoto wadogo walijifunza machache kutoka kwa vitabu vyenye vitu vya kuvuta na kufungua kuliko kutoka kwa vitabu vya picha za kawaida, na mwaka 2013 Cynthia Chiong na DeLoache walikuta hali kama hiyo kwa vitabu vya kujifunzia herufi. Mkono ukishughulika na kifaa, akili hukifuata kifaa. Mimi sichukulii hilo kama hoja ya kutupa vidirisha. Nachukulia kwamba kifaa kinapaswa kufanya kazi ileile inayofanywa na sentensi. Gunia linalofunika nyanya ndiyo hadithi yenyewe. Chura aliyefichwa nyuma ya mtungi hakuwa na uhusiano wowote na usingizi wa paka, alikuwa pale kwa sababu chura huchekesha.

Uamuzi wa kugawa kitabu nusu ya maswali na nusu ya ukimya ulifaa, lakini nina shaka kama mstari uliwekwa mahali sahihi. Watoto wa miaka mitatu walionekana kuchoka mapema, wa miaka mitano walitaka maswali yaendelee. Kitabu kimoja kwa umri wa miaka mitatu hadi mitano ni uamuzi wa bei, si wa malezi.

Kisha kuna sehemu ambayo kitabu hakiigusi. Jodi Mindell na wenzake waliwafuatilia akina mama 405 na watoto wao wa miezi 7 hadi 36, wakachapisha matokeo mwaka 2009: waliofuata utaratibu uleule kila usiku, wa kuoga, kupakwa mafuta, shughuli tulivu, kisha taa kuzimwa ndani ya nusu saa, walipata watoto wanaolala haraka na kuamka mara chache. Faida ilitoka kwenye mpangilio mzima. Nyumba ya Kayole haikuwa na saa maalumu ya kulala kwa sababu mtoto alimsubiri mama, na mama alisubiri matatu. Mwongozo ule wa Shirika la Afya Duniani unampa mtoto wa miaka mitatu na minne saa 10 hadi 13 za usingizi kwa siku, usingizi wa mchana ukiwemo. Mtoto anayelala saa tatu u nusu usiku na kuamshwa saa kumi na moja alfajiri amepata saa saba na nusu, na hata akisinzia darasani hafiki. Toleo la pili lilimrudishia karibu saa moja na nusu ikilinganishwa na ule usiku wa mbwa. Zilizobaki ziko mikononi mwa ratiba ya gari la shule.

Warsha sasa inapanga chapa ya kuuza. Wamebishana kama mlango wa bati uwe na mlio wa kuigiza au la, kwa kuwa ndio ukurasa pekee ambapo baadhi ya watoto bado wanapaza sauti. Mwandishi anataka ubaki, mchoraji anataka utoke, na mwenzao wa mauzo amepiga kura ya kuwauliza kina yaya.